Hoja ya Saba

Kitabu kina kurasa mia tatu na themanini.
Sisi tumo ukurasa wa mia na tisa,
aya moja, chini ya ramani yenye doa la chai:
askari wa Kisudani waliasi, mwaka 1897.
Sababu ni sita. Nimezikariri
kwa vidole vya mkono mmoja na gumba la pili:
mshahara mdogo,
mshahara wa kuchelewa,
mshahara wa vitambaa,
safari juu ya safari,
wake kuachwa nyuma,
maofisa wasiojua lugha yao.

Kidato cha sita, Bombo, mwezi wa Julai.
Umeme umekatika tangu magharibi.
Bibi anasuka tabaga kwa kupapasa,
uzi mwekundu, wa manjano, mwekundu tena,
vidole vyake haviulizi taa.
Mimi nasoma kwa Kiingereza, kwa sauti,
kisha namgeuzia kwa Kiswahili
kwa kuwa Kinubi changu huchechemea
kila kikifika kwenye neno kama "utawala".

"Sita tu?"
"Sita, Haboba. Zinatosha kwa alama ishirini na tano."
Akauma uzi, akatema kipande.
"Andika walichoka."
"Hiyo si hoja."
"Nyanya yangu alibeba jiwe la kusagia
kutoka huko hadi huku, na mtoto juu ya jiwe.
Walipomwambia inuka, tunaendelea, alikaa.
Hakuwa na sababu ya kwanza wala ya pili.
Alikaa tu. Andika."

Nikaandika.

Mwalimu Kiwalabye alirudisha insha siku ya Alhamisi.
Kumi na saba.
Kando ya hoja ya saba, wino mwekundu: "Ushahidi?"

Yeye ni mtu wa huku huku,
kwao ni upande wa Semuto.
Anajua bei ya mkate Paris mwaka ule,
mawaziri wa mfalme huwataja
kama mtu anayewadai.
Lakini tukikaribia miaka yetu ya themanini
hufunga kitabu kabla ya kengele.
"Hapa hapatoki mtihani," husema,
na kupangusa ubao ambao hajauandika kitu.

Siku moja Rajab, nje ya dirisha,
alimwita mwenzake kwa Kiswahili:
"Wewe! Simama hapo!"
Utani tu.
Mwalimu alisimama.
Chaki mkononi, mikono imeinuka kidogo,
si sana, kama mtu anayepima kimo cha mtoto.
Hatukucheka. Hata nzi tulimsikia.
Kisha akaendelea na Kongamano la Vienna,
ila sauti yake ilikuwa imebaki mahali.

Sikumwambia bibi.
Babu alivaa sare miaka ya sabini.
Picha yake iko nyuma ya kabati, uso ukutani.
Bibi husema alikuwa mpishi.
Walikimbilia kaskazini mwaka wa sabini na tisa
na sufuria mbili; sababu zake sijazihesabu,
hazina ukurasa.
Usiku hujitungia swali kwa mtindo wa mtihani:
Mpishi anawajibika kwa kiasi gani? Jadili.
Napiga mstari wa pembeni kwa rula,
naandika tarehe,
nakwama.

Novemba, swali lilitoka la Ufaransa.
Njaa, kodi, mvua ya mawe shambani,
bei ya mkate. Nilimsikia Kiwalabye
katika kila sentensi yangu, akidai madeni.

Nilimkuta bibi akifunga ukingo wa tabaga.
"Walituuliza sisi?"
"Hapana. Waliuliza watu wa mkate."
Akavuta uzi, akakaza fundo kwa jino,
akaligeuza tabaga kutazama upande wa chini
ambako ncha zote hufichwa.
"Na hao, walichoka?"

Nikatazama vidole vyangu,
gumba la pili bado lina wino.
"Niliandika sita," nikamwambia.
"Kisha wakakusanya karatasi."